MAJILIO NDIYO HAYO: WEWE STAA NA WEWE MWENYEKITI WA JUMUIYA, WEKENI SIMU MFUKONI!



Haya, msimu umefika. Kanisani vitambaa vya zambarau vinatolewa kabatini, akina mama wanahangaika kutafuta mishumaa minne ya taji la Majilio, kwaya zinakesha mazoezini. Na huku mjini mastaa wetu nao wanatafuta watoto yatima. Ndiyo, nimeandika hivyo hivyo. Wanatafuta watoto yatima kama mtu anavyotafuta lokesheni ya kushutia video.

Nawaambia mapema kabisa: leo sitaji jina la mtu. Nawajua ninyi, mtaanza "ni yule wa Mbezi?", "ni yule aliyeachana na yule?" Msiniulize. Nikimtaja mmoja, wengine wote watashusha pumzi na kujiona wasafi. Leo nataka kila mtu aumie kidogo, na mimi nikiwemo. Mimi hasa, mtaona mbele.

Desemba iliyopita nilikuwa kwenye kituo kimoja cha kulea watoto huku pembezoni mwa Dar. Tulikwenda watu wa jumuiya yetu, tumebeba mchele, sukari na sabuni. Tukakuta foleni. Foleni ya watoaji jamani! Mbele yetu watu wa ofisi fulani na fulana zao za kufanana, nyuma yetu kwaya ya kanisa lingine. Mara akaingia staa na V8 mbili, ya pili imejaa wapiga picha. Sisi wote tukasogezwa pembeni.

Watoto wakapangwa mstari kwa urefu. Wakaimba wimbo wa kukaribisha wageni, ule ule waliotuimbia sisi muda mfupi kabla. Staa akamkabidhi mtoto mmoja, wa miaka kama sita hivi, begi la shule. Mtoto akalikumbatia, akageuka aondoke nalo. Mpiga picha akapaza sauti: "Subiri, mwanga haujakaa. Tunarudia."

Yule mtoto akanyang'anywa begi. Sijakosea neno. Akanyang'anywa, likarudi mkononi kwa staa, akakabidhiwa tena, akaambiwa acheke. Mara ya tatu ndiyo ikakubalika.

Jioni video ikatoka. Muziki wa taratibu, maneno ya kumshukuru Mungu, mioyo kibao kwenye komenti. "Dada una moyo wa dhahabu." Sawa. Lakini kwenye video ile hakuna zile sekunde mtoto alipobaki ameinua mikono mitupu, anaangalia begi lake linaondoka. Mimi niliziona, na tangu siku ile nikisikia neno "kurudisha kwa jamii" nazikumbuka.

Sasa nikuulize kitu mdau. Staa huyo huyo ana mtoto wake wa kumzaa. Ingia kwenye ukurasa wake uangalie. Picha zipo nyingi, lakini uso wa mtoto umefunikwa na kikatuni cha moyo. Akiulizwa anajibu vizuri tu: mtoto ana haki ya faragha, dunia ina macho mengi, akikua ataamua mwenyewe. Nakubaliana naye asilimia mia.

Sasa yule wa kituoni, macho ya dunia hayamhusu? Yeye hatakua? Hataingia siku moja kwenye usaili wa kazi, au ukweni, halafu mtu akavuta simu na kumuuliza "huyu si wewe?" Kikatuni cha moyo ni cha watoto wenye baba tu?

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Ingekuwa hawajui ubaya wa kuanika sura ya mtoto, ningesema tuwaelimishe. Wanajua. Wanaujua vizuri mno, ndiyo maana wanawafunika wa kwao. Wa kwao ni watoto, wa wenzao ni kontenti.

Na kama hutaki kusikia habari za utu, basi sikia habari za sheria. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na ibara ya 16 ya mkataba huo inalinda faragha ya mtoto. Tuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ambayo inaziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti. Kwa hiyo usiniambie "ni mambo ya kizungu". Ni sheria ya hapa hapa, inakuhusu wewe na V8 yako.

Naona mnacheka na kumnyooshea kidole staa. Ngojeni kwanza, tuingie kanisani.

Wiki mbili zilizopita jumuiya yetu ilikaa kikao cha Majilio. Wakatoliki wenzangu mnajua, jumuiya ndogo ndogo ndiyo kanisa la mtaani, mnakutana nyumba kwa nyumba, mnasali, mnajuana nani mgonjwa na nani kafiwa. Tumesali vizuri. Tumsifu Yesu Kristo, milele amina. Ikafika ajenda ya matendo ya huruma. Bajeti ikasomwa: fulana 40 za wanajumuiya kwa shilingi 12,000 kila moja, bango 85,000, mpiga picha 150,000. Zawadi za wahitaji, 600,000.

Piga hesabu mwenyewe. Kujitangaza kwamba tunatoa: 715,000. Kutoa kwenyewe: 600,000. Hakuna aliyeshtuka. Mzee mmoja akaongeza kwamba tumwalike staa fulani awe mgeni rasmi "ili tukio lipate uzito". Yaani mjane apewe mchele, ila kwanza mchele upate uzito!

Yule staa na V8 zake, walau hajasema anafanya hivyo kwa ajili ya Majilio. Sisi tunasema. Majilio ni kipindi cha kungoja na kujitengeneza, Dominika nne za kunyamaza kidogo na kujikagua. Tumekigeuza kuwa kipindi cha kuchapisha fulana. Na Mathayo sura ya 6 tunaijua wote, ile inayokataza kupiga baragumu unapotoa sadaka. Tunaisoma, tunaitikia, halafu tunatoka nje kukodi baragumu.

Sasa sehemu yangu.

Miaka miwili iliyopita jumuiya ilimtembelea mama mmoja mjane wa mtaani kwetu, anauza chapati na maharage asubuhi. Mwanamke wa kazi, haombi mtu. Mwaka ule aliumwa, biashara ikakata, tukaona tumbebee kitu. Mchele kilo 10, mafuta, unga, khanga. Binti yake, wakati huo yuko kidato cha pili, alikuwa pale pale mlangoni anafua. Tukampanga na yeye. "Binti sogea, shika na wewe kona ya mfuko." Akasogea na mikono ina povu, akaangalia chini. Picha ikapigwa, ikawekwa kwenye ukurasa wa jumuiya na kwenye magrupu, na maneno: "Tumeifariji familia hii yenye uhitaji mkubwa."

Aliyepiga ile picha ni mimi. Aliyeandika yale maneno ni mimi. Nilipata pongezi nyingi siku ile, nikajisikia mtu.

Shule ilipofunguliwa Januari, wenzake walishaiona. Mmoja ana shangazi kwenye grupu letu. Wakamkata binti kwenye picha, wakamtengenezea stika ya WhatsApp, amebeba mfuko, chini wameandika "Naomba mchele". Mnajua stika inavyotembea. Mtu akiombwa vocha, anajibu kwa stika. Mtu akikopwa, stika. Darasa zima, halafu shule zima. Binti akaanza kuumwa tumbo kila Jumatatu.

Mama yake hakuja kutugombeza. Aliacha tu kuja jumuiya. Nilipomfuata alinikaribisha vizuri, akanipa kiti, akanipa na chapati. Akaniambia, "Mwanangu, njaa mimi naijua, unalala nayo inakwisha. Hii aibu ya mtoto wangu silali nayo." Sikuwa na jibu. Chapati ilinishinda kumeza.

Mwaka huu jina lake lilirudishwa kwenye orodha ya wahitaji. Alipopata habari akatuma ujumbe kwa mwenyekiti: naomba mnifute. Mguu bado unamsumbua, kodi anadaiwa, na amesema futa. Amekadiria gharama ya mchele wetu, ameona hawezi kuimudu.

Basi yule atakayeniletea lile swali maarufu, "hata kama anatafuta kiki, si mtoto amekula?", ajue jibu langu liko pale mtaani. Ndiyo, amekula. Sibishi, mchele wa kiki unaiva kama mchele mwingine. Lakini sasa kuna nyumba haili kwa sababu ya picha. Mtu mzima mwenye njaa amechagua njaa kuliko kamera yetu. Tukifika hapo, sadaka yetu imeacha kulisha, imeanza kufukuza.

Na wala huu ustaarabu wa kutoa kimya hatukuletewa kwenye kitabu cha semina. Tulikulia nao. Bibi yangu alikuwa akipika pilau ya Krismasi, sahani ya kwanza ilikwenda kwa jirani zetu Waislamu, imefunikwa na kawa. Ramadhani ikifika, futari ilikuja kwetu, imefunikwa vile vile. Nikamuuliza kwa nini lazima kufunika, nzi wenyewe hakuna. Akasema sahani ya jirani hufunikwa, isipite njiani inatangaza nani kapungukiwa.

Kiswahili kina neno kabisa kwa ajili ya mtu anayekupa kitu halafu anakukumbusha: masimango. Wazee wetu walilichukia neno hilo. Mtu akila kwako ukamsimanga, umeharibu chakula na umeharibu undugu. Sasa niambie, picha ya mtu anapokea kilo mbili za unga, iliyowekwa mtandaoni miaka nenda rudi, ni nini kama si simango? Tena simango la zamani lilikuwa na nafuu, lilisemwa likapita. Hili la sasa lina kitufe cha kusambaza. Tenda wema nenda zako, walisema. Hawakusema tenda wema, kaa hapo hapo, geuka kushoto, tabasamu.

Kwa wale wa "kanisa ni la kisasa, lazima twende na wakati", niwape na historia kidogo. Lile taji la Majilio mnaloliwasha mishumaa kila Jumapili lilianzia wapi? Linahusishwa na Johann Hinrich Wichern, mwanateolojia wa Kilutheri wa Hamburg, Ujerumani, aliyekuwa akiendesha nyumba ya kulea watoto maskini. Inasimuliwa kwamba watoto walikuwa wakimsumbua kila siku, Krismasi lini, Krismasi lini. Mwaka 1839 akachukua gurudumu la mkokoteni, akalipanga mishumaa, midogo ya siku za kawaida na mikubwa minne ya Jumapili, wakawa wanawasha na kuhesabu.

Mnaona? Taji la Majilio limetoka kwenye kituo cha watoto maskini. Alikaa nao, akasikia wanachouliza, akawatengenezea kitu kinachojibu swali lao. Na mwaka huo huo 1839 ndio Ufaransa ilipotangaza kwa dunia ule upigaji picha wa Daguerre. Vitu viwili vya umri mmoja, mshumaa na kamera. Sisi tumechukua vyote viwili, ila tukifika kituoni mshumaa tunausahau kwenye gari.

Mtakatifu Nikolao, huyo mliyemvalisha nguo nyekundu mkamweka mlangoni kwenye maduka makubwa, sikukuu yake ni tarehe 6 Desemba, katikati ya Majilio. Mapokeo yanasema alikuwa askofu wa Myra, na aliposikia kuna baba ameshindwa mahari za mabinti zake watatu, alikwenda usiku akatupa dhahabu ndani ya nyumba, akaondoka asionekane. Usiku! Hakusubiri mwanga ukae vizuri.

Na kwenye parokia nyingi lipo Shirika la Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, lililoanzishwa Paris mwaka 1833 na vijana wa chuo, akiwemo Frédéric Ozanam, aliyekuwa na miaka 20 tu. Kazi yao ni kwenda kwa mtu nyumbani, kukaa, kusikiliza. Mchango wao wa ndani unakusanywa kwa siri, hakuna anayejua mwenzake katoa ngapi. Vijana wa miaka 20, wadau, umri wenu huo.

Najua utetezi utakaokuja. Wa kwanza, "picha zinahamasisha wengine watoe." Sawa, hamasisha. Piga picha magunia. Piga picha risiti. Piga picha paa jipya la bweni, piga picha mgongo wako mwenyewe umelowa jasho umebeba unga. Kuna picha elfu za kuhamasisha ambazo hazina sura ya mtu aliyepungukiwa. Kama hizo hazikuvutii kuziposti, basi jiulize ulichokuwa unahamasisha ni nini hasa.

Wa pili, "tunataka uwazi, watu wajue hela imekwenda wapi." Uwazi ni hesabu. Soma mapato na matumizi mbele ya jumuiya, bandika risiti ubaoni, orodha ya majina abaki nayo paroko na mtunza hazina. Nani alikuambia kwamba stakabadhi ya mchele ni uso wa binti wa watu?

Wa tatu, "una wivu, kwanza wewe umetoa nini?" Nimetoa ile picha. Nimeshawaambia.

Halafu kuna habari ya Januari, ambayo kwangu ndiyo chungu kuliko zote. Mama mlezi wa kile kituo alinivuta pembeni siku ile. Alisema Desemba wanapata soda na biskuti mpaka watoto wanaharisha, wanagawia na majirani. Ikifika Februari wanakopa mkaa. Hakulalamika, alisema tu kama mtu anayeeleza ratiba ya mvua.

Na Januari ndiyo mwezi wenyewe. Ada ya shule za serikali imeondolewa, elimu ya msingi mpaka kidato cha nne tangu 2016, kidato cha tano na cha sita tangu 2022. Sawa, tunashukuru. Lakini sare haikuondolewa. Viatu, madaftari, nauli ya daladala, chakula cha mchana shuleni, vyote vipo, na vyote vinaanguka wiki moja. Wiki hiyo hakuna staa. Hakuna kwaya. Hakuna mgeni rasmi. Kwa nini? Kwa sababu Januari haina taa za rangi, na picha ya mtoto na kiatu cha shule haipati mioyo kama ya mtoto na kofia nyekundu.

Kwa hiyo nasema hivi, na nimeshalisema kwenye jumuiya yetu, nikanuniwa.

Fulana 40 zisichapishwe. Bango lisichapishwe. Mpiga picha apewe mapumziko ya Krismasi kama watu wengine. Ile 715,000 igeuke bahasha za Januari. Kabla ya kununua chochote, watu wawili tu waende wakaulize mnahitaji nini, wasikie jibu hata kama jibu ni mkaa, dawa za minyoo au kulipa fundi wa choo. Mizigo ipelekwe jioni, na watu wawili watatu, mlango wa nyuma ukiwepo utumike. Watoto wasiimbishwe. Mtoto anayeimba ili ale hajakaribisha mgeni, amefanya kazi.

Na wewe staa, najua unasoma, wapambe wako huwa wananitumia meseji. Sikukatazi kutoa, Mungu akubariki na utoe zaidi. Ulipe deni la duka ambalo kituo kinakopa unga, ulipe kwa simu ukiwa kitandani kwako, mama mlezi aambiwe tu deni limekwisha. Ukishindwa kabisa kukaa bila kuposti, basi mfunike mtoto wa mwenzio kwa kile kile kikatuni unachomfunikia wa kwako. Utaona video yako imebaki na nini.

Ile picha nimeifuta kwenye ukurasa. Kwenye magrupu nimeomba watu wafute, wengine wamefuta, wengine wamenicheka. Stika siwezi kuifuta, iko kwenye simu nisizozijua. Binti sasa yuko kidato cha nne. Juzi nimekutana naye kituo cha daladala, nikamsalimia, akaitikia "shikamoo" kwa adabu zote, akahamia upande wa pili wa barabara. Nilikuwa nimeshika simu mkononi.

Dominika ya kwanza ya Majilio nitapita kwa mama yake. Sitaenda na jumuiya, na sitabeba mchele, maana amesema hautaki na nina adabu ya kusikia. Nitakwenda kununua chapati asubuhi kama wateja wengine, nilipe bei yake, niombe msamaha kama atakubali kuusikia. Simu naiacha nyumbani.

Haya, uwanja ni wenu, tiririkeni hapo chini. Kama na wewe uliwahi kupangwa mstari ukapigwa picha na mfuko wa unga, tuambie ulijisikiaje. Ila atakayetaja jina la mtoto, kituo au staa, komenti yake naifuta. Na msiweke picha.